Jinsi ya kuchambua vyanzo vya ajali za barabarani kwa takwimu, hatua kwa hatua

Fungua daftari la ajali la kituo cha polisi kilicho kando ya barabara kuu, utazame safu iliyoandikwa "chanzo". Uzembe wa dereva. Uzembe wa dereva. Mwendo kasi. Uzembe wa dereva. Unaweza kufunua ukurasa mzima na usikutane na neno la tano. Askari aliyeandika hakukosea, maana kazi yake ni kumpata wa kushtakiwa na sheria inamtaka amtaje mtu. Ila neno hilo halimsaidii mhandisi anayetaka kujua taa aziweke wapi, wala mganga mkuu wa wilaya anayejiuliza gari la wagonjwa likae kituo gani usiku. Wazembe wako kila mahali na kila saa. Ajali haziko kila mahali: zinarundikana kwenye kona fulani, mteremko fulani, saa fulani. Kazi ya uchambuzi ni kueleza mrundikano huo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi anayetayarisha tasnifu, mwandishi wa habari anayetaka kwenda mbali zaidi ya idadi ya vifo, na mjumbe wa kamati ya usalama barabarani. Mfano wangu ni kipande cha barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, chenye malori ya mizigo, mabasi ya mikoani, bodaboda na watu wanaovuka kwa miguu, wote kwenye lami moja. Nikisema "tuseme", namba zinazofuata ni za kufundishia. Namba za kweli nitazitaja pamoja na mwaka wake.

1. Amua unauliza swali lipi

Kuna maswali matatu ambayo watu huyachanganya kila siku. La kwanza: kwa nini ajali inatokea? La pili: ikishatokea, kwa nini hii inaua na ile inaacha michubuko? La tatu: kwa nini kipande hiki cha barabara kina ajali nyingi kuliko kile? Kila swali lina data yake na hesabu yake. Kwa la pili, kumbukumbu za ajali zenyewe zinatosha. Kwa la kwanza hazitoshi hata kidogo, kwa sababu utahitaji pia habari za watu waliopita pale pale wasipate ajali. Nitalirudia hili, maana hapa ndipo tasnifu nyingi zinapovunjika.

Ukishachagua swali, orodhesha vigeu vyako, yaani vitu vinavyobadilika toka ajali moja hadi nyingine. Njia iliyokomaa ni jedwali la William Haddon, daktari wa Marekani aliyelitoa karibu na mwaka 1970. Safu zake ni mtu, chombo na mazingira. Mistari yake ni kabla ya ajali, wakati wa ajali na baada ya ajali. Jaza visanduku vyote tisa. Utajikuta umeandika "uchovu wa dereva" na "breki", lakini pia "kofia ngumu imefungwa mkanda?", "nguzo ya zege iko umbali gani na lami?" na "ilichukua dakika ngapi kufika hospitali?" Vile visanduku vya mstari wa chini ndivyo daftari la polisi halina.

2. Usitegemee daftari moja

Katika ripoti yake ya mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilionyesha kwamba Tanzania iliripoti vifo 3,256 vya barabarani kwa mwaka 2016, wakati makadirio ya shirika hilo yalikuwa 16,252. Kwa Kenya, vilivyoripotiwa vilikuwa 2,965 na makadirio 13,463. Makadirio ni makadirio, na serikali nyingi huyapinga. Hata hivyo pengo la kiasi hicho linakuambia kwamba daftari moja halioni kila kitu. Aliyegongwa akafia hospitali siku ya tisa huenda hakurudishwa tena kwenye jalada la polisi, ingawa kanuni ya kimataifa inamhesabu kila anayefariki ndani ya siku 30. Bodaboda aliyeanguka peke yake kwenye vumbi mara nyingi hafiki polisi kabisa, isipokuwa kama alihitaji PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu.

Kwa hiyo chukua orodha mbili: ya polisi na ya hospitali, mochwari ikiwemo. Zilinganishe kwa tarehe, mahali, umri na jinsia, uone majina mangapi yapo kote kuwili. Tuseme polisi wana majeruhi mahututi na marehemu 84, hospitali ina 120, na waliomo kote kuwili ni 45. Kanuni ya Chapman inasema: ongeza 1 kwa kila orodha, zidisha, gawanya kwa waliojirudia ukiongeza 1, kisha toa 1. Yaani 85 mara 121, gawanya kwa 46, toa 1. Unapata karibu 223. Polisi waliona 84 kati ya 223, takribani asilimia 38. Hesabu hii inadai kwamba kuonekana kwenye orodha moja hakuathiri kuonekana kwenye nyingine, jambo ambalo si kweli mia kwa mia. Hata hivyo ni bora mara nyingi kuliko kujifanya 84 ndio wote.

Kabla hujanakili chochote, shika kibali. Taarifa za wagonjwa zinapita kwenye kamati ya maadili ya utafiti, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukishaoanisha orodha, futa majina na namba za magari, ubaki na namba za utambulisho ulizozitunga mwenyewe.

3. Majedwali matatu, siyo moja

Kosa la kawaida ni kuweka kila kitu kwenye karatasi moja ya Ekseli. Basi na fuso zikigongana wakaumia watu 18, mstari mmoja ni wa nini? Tengeneza jedwali la ajali (mstari mmoja kwa ajali: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, umbo la barabara), jedwali la vyombo (mstari mmoja kwa kila gari, pikipiki au bajaji) na jedwali la watu (mstari mmoja kwa kila aliyehusika, hata aliyetoka mzima). Namba ya ajali ndiyo inayoyaunganisha.

Faida yake utaiona baadaye. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, likaua watu 52. Kwenye jedwali la watu hiyo ni mistari 52. Kwenye jedwali la ajali ni mmoja. Ukichambua watu kama vile kila mmoja alikufa kwa sababu yake, ajali moja itakuandikia hitimisho lote.

4. Saa: hapa tulia

Hili hutalikuta kwenye vitabu vya takwimu vilivyoandikwa kwingine, na kwetu ndilo linaloharibu data kuliko jingine lolote. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo. Hospitali inaandika saa za kizungu. Polisi wanaandika kutegemea nani alikuwa zamu.

Daftari moja nililolinakili lilikuwa na "1.30" mara kumi na moja katika miezi mitatu. Ni saa moja na nusu asubuhi, watoto wakienda shule? Ni saa moja na nusu usiku, giza limeshaingia na malori yameegeshwa bila taa? Au ni 1.30 ya kizungu, ambayo nayo inaweza kuwa saa saba na nusu mchana au usiku wa manane? Ni majibu manne, na kila moja lina chanzo chake cha ajali. Nilikaa na kila mstari. Mmoja ulitaja kwamba majeruhi alikuwa na sare ya shule. Mwingine, hospitali ilimpokea mtu huyo 20:10. Kwa njia hiyo saba zilipata saa yake; nne zilibaki kitendawili.

Fanya hivi. Weka safu ya "saa kama ilivyoandikwa" na usiiguse kamwe. Pembeni weka safu ya saa kwa mfumo wa 24. Ya tatu iwe ya uhakika: 1 kama una ushahidi, 2 kama unakisia, 3 kama hujui. Mwisho wa kazi endesha hesabu zako mara mbili, pamoja na zile za kukisia na bila hizo. Majibu yakibadilika sana, sema hivyo kwenye ripoti. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta na jua halihamihami sana, saa 12 hadi saa 12 ni mpaka mzuri wa mchana na usiku; ila ile saa moja ya magharibi ipe kundi lake.

Kwenye usafishaji huo huo, tazama safu ya ulevi. Mara nyingi imeandikwa "hapana" pale ambapo dereva hakupimwa kabisa. Asiyepimwa si mtu mkavu. Mwandike "haijulikani", ukubali kwamba huenda safu nzima haina thamani. Ndivyo ilivyo pia kwa kofia ngumu, na kwa "mishikaki": bodaboda aliyebeba abiria wawili au watatu huandikwa na abiria mmoja tu kama wengine waliondoka kabla trafiki hajafika.

5. Tafuta asili

Shuleni tulifundishwa kwamba sehemu ina kiasi juu na asili chini. Taarifa nyingi za ajali zina kiasi bila asili. "Asilimia 65 ya ajali hutokea mchana", na msikilizaji anaondoka akiamini mchana ndio hatari.

Tuseme kipande chetu kina ajali 400 kwa miaka mitatu: 260 mchana, 140 usiku. Sasa nenda ukahesabu magari. Kaeni wawili kando ya barabara na karatasi ya vijiti, dakika 15 za kila saa, uzidishe kwa 4. Hesabu siku ya kazi, siku ya mapumziko na siku ya mnada, kwa sababu siku ya mnada barabara inakuwa nyingine kabisa. Gawa kwa aina: malori, mabasi, magari madogo, bajaji, bodaboda, baiskeli, waenda kwa miguu. Barabara ikiwa chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu Tanzania, waombe hesabu zao pia ulinganishe na zako.

Tuseme umekuta asilimia 85 ya magari yanapita mchana na 15 usiku. Gawanya: 260 kwa 85 ni 3.06, 140 kwa 15 ni 9.33. Kila gari linalopita usiku lina hatari ya ajali mara tatu ya lile la mchana. Data ni ile ile, hitimisho limepinduka.

Ndivyo ilivyo pia kwa mahali. Kipande cha kilomita 2 kinachopitisha magari 9,000 kwa siku kina kilomita za magari 6,570,000 kwa mwaka. Kikipata ajali 9, ni ajali 1.37 kwa kila kilomita milioni moja za magari. Chenye urefu huo huo na magari 3,000, kikapata ajali 5, kina 2.28. Cha pili ndicho cha kutengenezwa kwanza, hata kama magazeti yanakipigia kelele cha kwanza.

Ukikosa kabisa hesabu ya magari, tumia watu: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na ina mgawanyo wa mikoa na wilaya. Lakini kwa barabara kuu hii ni asili dhaifu, kwani wanaoumia wengi ni wasafiri.

6. Jedwali la mbili kwa mbili

Sasa swali la pili: ajali ya usiku inaua zaidi? Kati ya 260 za mchana, tuseme 39 zilikuwa na kifo. Kati ya 140 za usiku, 42. Yaani asilimia 15 na asilimia 30.

Tafuta uwiano wa odi. Odi ni zilizoua zikigawanywa kwa zisizoua. Usiku: 42 kwa 98. Mchana: 39 kwa 221. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 2.43. Kujua kama ni bahati tu, kokotoa mipaka ya uhakika ya asilimia 95. Gawanya 1 kwa kila namba kati ya hizo nne, jumlisha majibu, tafuta kipeuo cha pili: 0.253. Zidisha kwa 1.96, uongeze na utoe kwenye logi asilia ya 2.43, kisha urudishe. Mipaka inakuwa 1.48 na 3.99. Kwa kuwa 1 haimo ndani yake, tofauti ni ya kweli kwa kipimo hiki. Jaribio la kai-skwea, njia nyingine ya kupima kama tofauti ni ya bahati tu, linatoa 12.7 kwa namba hizo, na kizingiti ni 3.84.

Unganisha na hatua ya tano uone uzito wake. Gari la usiku lina hatari ya ajali mara tatu, na ajali ya usiku ina uwezekano wa kuua mara mbili. Kwa pamoja, hatari ya kuhusika katika ajali yenye kifo ni mara sita. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kusafiri usiku nchini Tanzania, kwa hiyo hili si zoezi la darasani.

7. Modeli: tenganisha vilivyoshikamana

Usiku kuna malori mengi, madereva wamechoka, na taa hazipo. Kipi kati ya hivyo kinaua? Hapo ndipo rigresheni inaingia, hesabu inayopima mchango wa kila kigeu huku vingine vikishikiliwa palepale. R ni programu ya bure na inatosha kabisa.

Kwa swali la "ajali hii iliua au la", tumia rigresheni ya lojistiki:

glm(kifo ~ usiku + mteremko + lori + mvua, family = binomial, data = ajali)

Kanuni ya vidole: kila kigeu kidai angalau matukio kumi. Ukiwa na ajali 81 zenye kifo, usipite vigeu vinane. Ukichambua watu badala ya ajali, iambie programu kwamba abiria wa basi moja ni kundi moja.

Kwa swali la "kipande hiki kina ajali ngapi", anza na modeli ya Poisson, ya kuhesabu idadi ya matukio, halafu linganisha wastani na variansi, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika. Tuseme vipande 60 vina wastani wa ajali 3.1 na variansi 9.8. Poisson inataka viwe karibu sawa. Hapa variansi imezidi mara tatu, na ukiilazimisha itakupa uhakika usiostahili. Hamia binomia hasi, modeli inayoruhusu variansi kuzidi wastani:

MASS::glm.nb(idadi ~ kona + mteremko + taa + offset(log(kilomita_gari)), data = vipande)

Hiyo sehemu ya offset ndiyo asili yetu ya hatua ya tano, usiisahau. Ukipata kizidishi cha mteremko 0.47, tafuta e kwa kipeo cha 0.47, ni 1.60: kipande chenye mteremko kina ajali asilimia 60 zaidi ya kisicho nao, vingine vyote vikiwa sawa.

Mwendo jitahidi uupime mwenyewe barabarani, usiuchukue kutoka safu ya "chanzo". Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda asilimia 1, hatari ya ajali za kuua inapanda kama asilimia 4. Sheria inataka 50 kwa saa kwenye makazi, na magari yanayozidi kilo 3,500 yasipite 80. Pima ni wangapi wanaotii kwenye kila kipande, na hiyo asilimia iwe kigeu.

8. Mitego mitatu iliyowanasa wengi

Wa kwanza ni kona mbaya. Chukua kona 20 zinazolingana kabisa, kila moja ikiwa na wastani wa ajali 4 kwa mwaka. Kwa bahati tupu, mojawapo utaikuta na 8 au zaidi. Kamati itakimbilia hapo kuweka matuta, mwakani zitakuwa 4, na watapongezana kwamba matuta yamepunguza ajali kwa nusu. Zingeshuka hata bila tuta. Tumia miaka mitatu hadi mitano, na linganisha na kona zisizoguswa.

Wa pili ni kuchambua wodi tu. Mwenye kofia aliyeanguka akainuka na kwenda nyumbani hayumo wodini. Aliyekufa papo hapo yuko mochwari. Ukiwalinganisha waliolazwa tu, kofia inaweza kuonekana haina kazi, wakati mapitio makubwa ya tafiti za pikipiki yameikuta inapunguza vifo kwa karibu asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Wa tatu ni ule nilioahidi kuurudia: kutafuta chanzo cha ajali bila watu ambao hawakupata ajali. Ukiambiwa asilimia 70 ya bodaboda walioanguka hawana leseni, uliza ni asilimia ngapi ya wote hawana. Rudi mahali pale pale, siku ile ile ya wiki, saa ile ile, usimamishe madereva wanne wanaopita uwaulize maswali yale yale, trafiki asiwepo. Au mtumie dereva mwenyewe kama kilinganishi chake: utafiti wa Toronto wa mwaka 1997 ulichukua madereva 699 wenye simu waliopata ajali, ukalinganisha simu zao za dakika za kabla ya ajali na za siku iliyotangulia, ukakuta hatari ni mara nne mtu akiwa anaongea.

9. Pima kilichofanyika

Jaribio bora kabisa ninalolijua la kwetu lilifanyika Kenya. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown waliyagawa matatu kwa bahati nasibu: mengine yakabandikwa stika zinazowahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari, mengine yakaachwa. Kipimo chao hakikuwa daftari la polisi, bali madai ya bima. Katika awamu kubwa ya baadaye, iliyojulikana kwa jina la Zusha!, madai yalishuka kwa kati ya robo na theluthi. Bahati nasibu iliondoa lile swali la kona mbaya kwa mkupuo mmoja. Ukipata nafasi ya kumshauri mkurugenzi anayetaka kuweka alama kwenye vivuko 20 lakini ana fedha za vivuko 10 mwaka huu, mwambie vichaguliwe kwa kura mbele ya watu, na hivyo 10 vingine viwe vilinganishi mpaka mwakani.

10. Rudisha majibu kituoni

Ripoti ya kurasa 80 haitasomwa na wanaoijaza hiyo data. Mimi hupeleka karatasi moja: ramani ya kipande iliyochorwa kwa QGIS, programu ya ramani, jedwali la saa kwa siku za wiki lenye rangi, na sentensi tatu zenye hesabu za watu, mfano "kati ya ajali kumi za usiku kwenye mteremko huu, tatu zinaua". Nyuma ya karatasi naweka mstari mmoja wa daftari uliojazwa vizuri: saa ikiwa na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, kofia ndiyo, hapana au haijulikani, ulevi, amepimwa au hakupimwa, na mahali kwa kilomita iliyo kwenye nguzo ya karibu, siyo "eneo la mlimani". Askari wa zamu anaweza kuubandika ukutani juu ya meza anapoandikia.